Weber tatu kwa fundi wa Nakuru: uzoefu wangu

Nina Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Yangu haijashinda chochote. Mwenyewe wa awali aling'oa kabureta mbili za Hitachi zilizotoka nayo kiwandani, akafunga kabureta tatu za Weber 40 DCOE zenye makoo mawili kila moja, hivyo kila silinda ya ile injini ya L24 ya silinda sita ina koo lake. Sauti ni tamu ajabu. Lakini ilinuka petroli, plagi zilijaa masizi, na ukikanyaga mafuta taratibu kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 ilisita kama punda aliyefika darajani. Mafundi wa awali walikuwa wakikaza skrubu hii na kulegeza ile, kisha wananishauri nifunge injini ya EFI, ile inayodungiwa petroli kwa kompyuta.

Huyu wa sasa ni mzee mwenye gereji ya mabati upande wa Industrial Area. Alianza kwa kukataa kuzigusa kabureta. "Kijana, hizo ni za mwisho," akasema. Akaseti tapeti za vali, akasafisha pointi za distribyuta inayogawa moto wa plagi, akarekebisha taimingi ya moto huo, halafu akafunga geji kwenye paipu ya petroli. Pampu ya umeme ilikuwa inasukuma petroli kwa presha ya psi 6, na Weber hizi zinataka kama 3 tu. Petroli ilikuwa inaipita sindano ya boya kwa nguvu na kufurika. Tukafunga kidhibiti presha, na harufu ikapungua siku hiyohiyo. Kwangu hapo tu alikuwa ameshastahili malipo yake.

Kisha jeti, vile vitundu vinavyopima petroli. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na ya pwani. Kabureta haina habari. Inaendelea kumimina petroli karibu ileile. Zangu zina choki (sehemu nyembamba ndani ya koo, si ile ya kuwashia) za milimita 32, na kanuni ya wazee wa Weber ni kuzidisha kipimo cha choki kwa nne ili upate pa kuanzia jeti kubwa: 128, kwa hiyo zilikuwa na 130. Mzee akashuka hadi 125. Ila kilichoponya kule kusita ni jeti ndogo za sailensa, yaani za injini inapounguruma bila kukanyagwa au ikikanyagwa kidogo, kutoka 55F8 hadi 50F8. Watu hukimbilia jeti kubwa, na kumbe mwendo wote wa mjini, kutoka mtaa wa Section 58 hadi sokoni, unaendeshwa na hizi ndogo.

Kulinganisha makoo alitumia kipima hewa chenye mshale, halafu akahakikisha kwa kipande cha paipu ya mpira sikioni, akisikiliza mvumo wa koo moja baada ya jingine. Tukapanda barabara ya Njoro kuelekea Mau Narok, akazima injini ikiwa imekanyagwa kabisa, tukachomoa plagi kando ya barabara. Rangi ya kahawia hafifu, zote sita: dalili kwamba petroli na hewa vinalingana.

Sasa lawama. Hana kifaa cha kupima oksijeni kwenye ekzosi, kwa hiyo unaliamini sikio na jicho lake. Haandiki kitu, ilibidi nimsimamie anitajie namba za jeti nikizinakili. Jeti zenyewe uje nazo, na zikiwa sita za kila aina gharama inauma kuliko ufundi wake, ambao ulikuwa Sh15,000. Na usiende ukiwa na haraka: akipata matatu ya mteja wa kila siku, gari lako litasubiri.

Jambo jingine la kujua ni kwamba ameiseti kwa Nakuru. Nilipoteremka Kisumu, ambako ni kama mita 1,130, hewa ilizidi na petroli ikawa haba kidogo. Ekzosi ilipasuapasua kila nilipoachilia mafuta kuanzia Ahero. Pale Mau Summit, juu zaidi ya Nakuru, ilikuwa kinyume, injini nzito kidogo. Kwa kabureta hilo halina dawa ya kudumu, na zile 130 nimezihifadhi kwenye dashibodi kwa safari ndefu za ziwani.

Nitarudi kwake mwezi ujao. Anasema springi za distribyuta zimelegea, na tayari ameshanikataza kuigusa sailensa hadi azibadilishe.