Ziara ya baiskeli ya Hannie Schaft mjini Haarlem: uzoefu wangu, na mama ndani ya sanduku

Nimeipa nyota nne. Ya tano niliiacha Westergracht, mtaa mmoja wa mji huo, nitaeleza kwa nini.

Mama alikuja Uholanzi kunitembelea mwezi wa tano, akitokea Tanga. Ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia shule za msingi miaka na miaka, na zile nyumba za michoro nilizompeleka Amsterdam zilimchosha siku ya pili tu. "Mwanangu, hawa watu wote wamechorwa wamekaa," akaniambia. "Hakuna aliyefanya jambo?" Ndipo nikatafuta, nikapata ziara ya baiskeli ya saa tatu kuhusu wapiganaji wa siri waliopambana na Wajerumani na vibaraka wao mjini Haarlem wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwongozaji mmoja, wageni wasiozidi wanane, yuro 35 kwa kichwa. Jina lake silitaji. Kosa nililomwona nalo ni moja na sitaki limkatie riziki.

Mama hapandi baiskeli. Nilimwandikia mwongozaji jambo hilo, na kabla ya saa kuisha akajibu kwamba analo bakfiets, ile baiskeli ya mzigo yenye sanduku la mbao mbele, ambayo Waholanzi hubebea watoto kwenda shule. Yuro 15 za ziada, mama anakaa humo na mto wake. Basi nione mimi nyuma nakanyaga, upepo unanipiga usoni, na mbele yangu mwanamke wa miaka 67, baibui, kanga begani, amekaa kama bibi harusi kwenye gari la wazi. Waholanzi hawakugeuka hata kutazama. Kitu kimoja mjue: breki za baiskeli ile ni nzito, na mkivuka daraja dogo la mfereji mtashuka kwa kasi msiyoitaka. Mama alisoma dua kwenye madaraja yote.

Tulianzia Kenaupark, karibu na stesheni ya treni, kwenye sanamu ya mwanamke iliyozinduliwa mwaka 1982 kumkumbuka Hannie Schaft, mmoja wa wapiganaji hao. Mwongozaji akauliza nani aliichonga. Kimya. Aliichonga Truus Oversteegen, mwenzake Hannie, aliyekuwa akipanda naye baiskeli bastola ikiwa mfukoni. Kuanzia hapo nikajua huyu mtu anaijua kazi yake.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Wajerumani walipoivamia Uholanzi Mei 1940, Hannie alikuwa na miaka 19, Truus 16, na mdogo wake Freddie 14. Hannie alisoma sheria Chuo Kikuu cha Amsterdam. Mwaka 1943 wanafunzi walipotakiwa kutia saini kiapo cha utiifu kwa Wajerumani, akakataa, akarudi Haarlem na marafiki zake wawili wa Kiyahudi akawaficha kwa wazazi wake. Truus na Freddie walilelewa na mama Mkomunisti ambaye nyumba yake ilikuwa tayari na wakimbizi. Watatu hao wakaingia katika kikundi cha siri cha Haarlem. Walisambaza magazeti yaliyopigwa marufuku na kuhamisha watoto wa Kiyahudi, lakini pia walifuatilia nyendo za watu fulani: anatoka saa ngapi, anapita wapi, anarudi na nani. Kisha wakawapiga risasi.

Hapo ndipo kazi yangu ya ukalimani ilipokwama. Ziara ni ya Kiingereza, mama anakielewa kidogo, nikawa namtafsiria kutoka nyuma ya sanduku. Wale Waholanzi waliowatumikia Wajerumani, waliowataja majirani zao ili wakamatwe, niliwaita wasaliti, halafu nikasema vibaraka. Mama akanikatiza bila kugeuka: "Akida." Nikacheka, kisha nikaona kalenga. Mjerumani alipotawala kwetu aliwatumia maakida kukusanya kodi na kuwasukuma watu mashambani, na Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzoni kabisa. Ilibidi nimweleze mwongozaji, naye akasimamisha msafara ili wote wasikie. Dakika kumi zikaenda. Nadhani dakika hizo ndizo zilizotugharimu baadaye.

Haarlemmerhout ni msitu wa mjini, kusini, miti mirefu na watu wanatembeza mbwa. Mabinti hawa walikuwa wakimzoea afisa wa Kijerumani, wanamwalika matembezi msituni, naye anaingia akidhani kapata. Mwenzao ameshatangulia kujificha. Anayesimamishwa njiani ni mwanamume. Binti wa nywele za kusuka mikia miwili hakuna anayempekua. Mwongozaji alitusimamisha chini ya mti mmoja akanyamaza tusikie jinsi sauti za barabarani zinavyopotea. Hapo hapo akasimulia kazi waliyoikataa: walitakiwa wawateke watoto wa Seyss-Inquart, mtawala aliyewekwa na Hitler, wabadilishwe na wafungwa. Mpango ukiharibika, watoto wangeuawa. Wakasema hapana, sisi hatuui watoto. Mama alitaka nimrudilie sehemu hiyo mara mbili.

Kuna kifaa kidogo alichotumia ambacho sitakisahau. Alitoa miwani mfukoni akatuzungushia kila mtu aivae. Mama akaivaa, akatazama mbali, akatazama karibu, akasema, "Hii vioo vitupu." Ndivyo. Hannie alikuwa na nywele nyekundu, na Wajerumani wakawa wanamtafuta kwa sifa hiyo. Jinsi walivyomjua inauma. Tarehe 21 Juni 1944, yeye na mpiganaji mwenzake Jan Bonekamp walimfuata polisi wa Kiholanzi, Willem Ragut, kule Zaandam. Hannie akafyatua kwanza akapita na baiskeli yake. Bonekamp akaja nyuma kummaliza, lakini Ragut naye akawahi kumpiga ya tumbo. Bonekamp akakamatwa, na akiwa mahututi jina la Hannie likamtoka. Wazazi wa Hannie wakachukuliwa wakafungwa kambi ya Vught. Yeye akapaka nywele rangi nyeusi, akavaa miwani isiyo na kazi, akarudi barabarani.

Sasa Westergracht.

Tulipita pale bila kushuka. Mwongozaji alikuwa mbele, akapiga kelele juu ya bega kwamba hapa ndipo polisi kibaraka Fake Krist alipouawa tarehe 25 Oktoba 1944. Kwamba Hannie na Truus walikuwa wakimvizia siku hiyo hiyo, kikundi kingine kikawatangulia. Akacheka kidogo, kama mtu anayesimulia foleni ya benki. Basi. Tukaendelea. Nilimsogelea kwenye taa za barabarani nikamuuliza mbona hakumalizia, akasema tumechelewa.

Alichokiacha ni hiki: siku ya pili yake Wajerumani walileta wafungwa mahali hapo hapo wakawapiga risasi mchana. Watu ambao hawakumgusa Krist. Na hilo halikuwa jambo la siku moja. Wapiganaji walipoanza kuwaua vibaraka wakubwa, kama jenerali Seyffardt aliyepigwa risasi The Hague Februari 1943, Wajerumani wakaanzisha mpango wa kisasi walioupa jina Silbertanne. Kuanzia Septemba mwaka huo hadi Septemba 1944, makundi ya SS, kikosi cha chama cha Hitler, wengi Waholanzi wenyewe, yalikwenda kugonga milango ya watu wanaojulikana mtaani kuwa hawaupendi utawala, wakawaua mlangoni au njiani. Zaidi ya watu 50. Kila aliyenyanyua bastola barabarani alijua bili inaweza kupelekwa nyumba ya mtu mwingine. Ukilificha hilo, unatuuzia hadithi ya mashujaa wa sinema, na mabinti wale walikuwa wazito kuliko hivyo. Freddie alipokuwa mzee waliokuwa wakimuuliza aliua wangapi hakuwajibu. Alisema askari haulizwi swali hilo.

Hayo nilimsimulia mama mwenyewe, kwenye mapumziko, mbele ya kibanda cha samaki. Aliuliza lile lile nililolitarajia: "Na hao wafungwa, kwao waliambiwa nini?" Kisha akamtazama haring'i mbichi mwenye vitunguu niliyemnunulia, akanirudishia. Kwao samaki hupikwa.

Ziara ilijikomboa mwishoni. Kituo cha mwisho ni Jan Gijzenbrug, daraja la kawaida kabisa kaskazini mwa mji, magari yanapita. Mwongozaji alishuka, akafungua mfuko uliofungwa kwenye keria yake, akatoa bunda la magazeti, nakala za De Waarheid, gazeti la siri la Wakomunisti. Akaliweka juu ya tandiko. "Askari amekwambia fungua mfuko. Utafanyaje?" Hakuna aliyejibu. Hannie alisimamishwa kwenye kizuizi pale tarehe 21 Machi 1945 akiwa na magazeti kama hayo na bastola. Mwanzoni hawakujua wamemkamata nani. Rangi ilivyozidi kuisha gerezani, wekundu ukajitokeza chini. "Hina hiyo," mama akasema polepole. "Haifichi mashina."

Walimpiga risasi kwenye vilima vya mchanga karibu na bahari tarehe 17 Aprili. Vita viliisha Uholanzi tarehe 5 Mei. Yasimuliwa kwamba risasi ya kwanza ilimkwaruza tu na yeye akawaambia shabaha yake ni bora kuliko yao. Mwongozaji alisema wazi kuwa hayo ni masimulizi, asitake tuyachukue kama hati. Nilimheshimu kwa hilo.

Makaburi ya heshima ya Overveen, kwenye vilima hivyo vya mchanga, hayamo kwenye ziara, mtakwenda wenyewe kwa basi. Nendeni. Baada ya vita ilifukuliwa kwenye mchanga miili 422 ya wapiganaji. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Hannie. Malkia Wilhelmina alihudhuria mazishi yake Novemba 1945. Miaka sita baadaye, vita baridi vikiwa vimepamba moto, serikali ya Uholanzi ikazuia watu wasiende kumkumbuka pale kwa sababu ya Ukomunisti. Mama: "Walimzika kwa heshima, halafu wakamwogopa kaburini."

Mambo madogo: choo ni kimoja tu njia nzima, kwa hiyo msinywe chai nyingi asubuhi. Vaeni koti hata kama jua linawaka. Watoto chini ya miaka 12 nisingewapeleka. Kiingereza cha mwongozaji ni rahisi kufuata.

Siku mbili baadaye mama alitaka turudi Westergracht, bila ziara. Tukashuka basi, tukatembea. Akauliza ni upande upi wa barabara, nikashindwa kumjibu. Akasimama katikati ya njia ya miguu akainua mikono kwa dua, na mwenye baiskeli mmoja akatupigia kengele tumpishe. Mkikata tiketi, mwambieni mwongozaji mapema kwamba pale mnataka kushuka.