Vidonge vya mafuta ya samaki vya "1,000 mg": uzoefu wangu

Kopo la vidonge 60. Mbele wameandika 1,000 mg kwa herufi kubwa, na hapo ndipo wengi tunapoliwa: huo ni uzito wa mafuta yote ndani ya kidonge. Geuza usome nyuma: EPA 180, DHA 120, aina mbili za mafuta ya omega-3. Jumla 300. Hiyo ndiyo omega-3 unayoifuata. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya inataja miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo kidonge kimoja kinatosha. Lebo inasema viwili. Kopo likiisha haraka, muuzaji hanuni.

Kasoro kubwa ilikuwa harufu. Kidonge kizima hakinuki, ganda la jelatini limeziba. Nilikitoboa kwa sindano nikakamulia tone kwenye kijiko: harufu ya rangi ya mlango, na ukali unaokwaruza koo. Mafuta mazima hunukia samaki kwa mbali tu. Haya yalikuwa yamechacha, maana omega-3 huharibiwa upesi na hewa, joto na mwanga, na kopo lenyewe ni la plastiki angavu, lilikuwa rafu ya dirishani. Dukani walinibadilishia bila ubishi. La pili, lililotolewa stoo, lilikuwa safi.

Kubeua samaki kunapungua ukimeza katikati ya mlo wenye mafuta, si na chai kavu. Na mwili unayafyonza vizuri zaidi. Kuna wanaoviweka friza. Inasaidia, ila baridi inaficha uvundo, kwa hiyo toboa kimoja kwanza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuanza. Mjamzito asichanganye hivi na mafuta ya maini ya samaki, yana vitamini A nyingi mno.

Mafuta ya alizeti si mbadala: omega-6 tele, omega-3 karibu hakuna. Mbegu za kitani zina omega-3 ya aina nyingine, ambayo mwili huigeuza kuwa EPA kidogo sana, na DHA kidogo zaidi.

Nyota tatu kati ya tano: moja nimekata kwa lebo, moja kwa kopo angavu. Anayekula vibua au dagaa mara mbili kwa wiki sioni anachokosa. Achague tu dagaa weupe wanaong'aa; wakishapata rangi ya kutu, mafuta yao nayo yamechacha.