Kama unanunua sola Mtwara au Lindi, chungulia tundu kwanza

Mwaka juzi nilimnunulia mama seti ya sola ya elfu 85. Taa nne, redio, tochi, na waya wa kuchajia simu wenye vichwa kumi kama pweza, muuzaji kaniwashia zote pale pale dukani mpaka macho yakauma, nami nikalipa huku natabasamu. Mama yuko Msimbati, nguzo ya umeme imeishia nyumba ya nne kabla ya kwake, kwa iyo maisha yote ni kibatari tu mpaka juu ya kitanda pako peusi.

Miezi saba. Usiku wa daku napigiwa simu, "Mwanangu, taa yako imekata, nimekula gizani sijui kama sijameza na mende."

Nikaenda nimejaa hasira na betri, kumbe betri haina tatizo kabisa. Lile tundu la kuchomekea waya wa paneli ndo limeoza. Ndani kijani tupu, ukichomoa jeki, kile kichwa cha waya, inatoka na unga unga.

Tangu siku ile mimi ni mtu wa matundu, ukinikuta dukani nimewasha tochi ya simu nachungulia boksi la sola usinicheke. Kila anayekushauri sola anakutajia wati na masaa, hayo si yameandikwa kwenye boksi jamani, kayasome. Ambacho hawasemi ni kwamba huku pwani upepo unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, ikikaa kwenye shaba inatoa ile kutu ya kijani, na paneli ndogo inatoa volti chache tu, zikikutana na kutu zinaishia hapo hapo. Jua linawaka kama limetumwa, paneli inafanya kazi yake, betri inashinda na njaa. We unalaani betri na unaenda kununua nyingine itakayooza vile vile.

Kwa iyo dukani angalia tundu lina kifuniko cha mpira kinachobana, pini ya ndani inang'aa, na jeki ikishaingia haichezi. Itikise kidogo, ile taa ya kuonyesha inachaji ikianza kuzima na kuwaka, rudisha hapo hapo. Na ujaribu na paneli juani, sio kuwasha taa tu, maana taa dukani inawaka kwa chaji iliyokuja nayo.

Namba moja kwangu ni Sun King zile za Home, sifichi na silipwi na mtu. Ndo nilimnunulia mama baada ya aibu ile, iko kwenye ukuta unaotazama bahari, karibu mwaka na nusu sasa na tundu bado linang'aa, na mimi kila nikienda naanza kulichungulia kabla hata ya kusalimia. Betri zao ni lithiamu, hazichoki haraka kama za asidi. Ukikuta boksi la zamani limeandikwa Greenlight Planet usidhani ni feki, ndo jina la kampuni kabla hawajabadili 2022.

Namba mbili d.light. Wana zile taa ndogo zenye paneli mgongoni, hamna waya wa paneli hamna tundu lake, kwa sheria zangu mwenyewe zilitakiwa ziwe za kwanza. Sasa lazima uianike nje kila asubuhi, na kwa mama kuna wajukuu na kuku. Ishalala nje mara ngapi sijui.

Namba tatu ni ya kuungiwa na fundi, paneli kubwa, kontrola (kile kiboksi kinachosimamia chaji), betri pembeni. Hii ni ya anayetaka tivii. Uzuri wake waya zinafungwa kwa skrubu, kutu ikija unafungua unasugua unakaza. Ila mafundi wetu wanapigilia paneli upande wowote wa bati wanaoufikia kwa ngazi! Sisi tuko kusini ya ikweta nyuzi kama 10, paneli itazame kaskazini imelala kidogo, isiguswe na kivuli cha mkorosho. Betri ya asidi usiinyonye kupita nusu.

Za elfu 15 za barabarani, hapana.

Yoyote utakayochukua, kila mwezi chomoa jeki, sugua na mswaki mkavu, paka vaselini kidogo sana. Ikishaota kijani tia limau kwanza, futa, acha ikauke kabisa ndo uchomeke.

Sasa bei. Mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu ni mzuri kwa mwenye mshahara, maana usipolipa sola inajifunga yenyewe, giza. Huku hela inakuja na korosho, mwezi wa nne utalipa na nini? Ungenunua taslimu Novemba, na wao wanajua, Novemba seti ile ile niliyoulizia Julai imepanda elfu 20 na muuzaji anakuangalia usoni bila hata kupepesa. Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa 1982, iko chini ya miguu ya mama yangu, bomba limefika Dar 2015, na yeye kila jioni anasikilizia kama taa itawaka, halafu hata kwenye jua lililo bure tunapigwa.

Ile mbovu niliirudisha na risiti. Muuzaji akasema waranti haihusu kutu. Nikamuuliza, we unauza vitu Mtwara, waranti isipohusu kutu itahusu nini? Akanijibu, "Dada, hizi zinafaa Newala, kule juu hamna chumvi."