TAHADHARI: Anachukua tanga lako "kulipunguza", anarudi kukuuzia "jipya"

Wakuu, heshima kwenu. Hii inawahusu wenye boti za tanga hapa Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba, hasa hizi boti ndogo za fiber zenye tanga la pembetatu mbele ya mlingoti. Wa mitumbwi ya tanga moja nanyi msome, jamaa hachagui.

Kuna fundi, nusu fundi nusu dalali, anapita mialoni na kutupia picha kwenye makundi ya WhatsApp. Jina silitaji kwa sababu jambo liko polisi na RB tunayo. Mchezo wenyewe uko hivi. Una tanga la mbele la zamani, pengine lilitoka kwenye boti kubwa kuliko yako, unataka lipunguzwe. Anakuja na futi, anapima, anakutajia bei ya kindugu mno, anaondoka nalo. Baadaye anapiga simu: "Kaka, kitambaa kimeoza, mashine imekichana. Ila usiwaze, ninalo jipya limetoka Ulaya. Ongeza laki tano tu, lako nalihesabu humo humo." Ukisema basi nirudishie hata hayo matambara, ameshayatupa. Ukishamtumia hela, tanga limekwama bandarini Dar, tuma nyingine ya ushuru kwenye namba yake ya simu. Jamani, ushuru wa serikali unalipwa kwa kontroo namba, hauingii kwenye laini ya mtu.

Wengine wameishia hapo hapo. Wengine wameletewa tanga kweli, na hao ndio wamepigwa vibaya zaidi, kwa sababu hawajui kwamba wamepigwa. Tanga hilo ni la mwenzako wa ng'ambo ya ziwa, aliyeambiwa vile vile kwamba lake limeoza. Limefuliwa kwa dawa ya madoa, likashonwa juu juu kwa uzi mpya. La kwako nalo liko njiani kwenda kwa mwingine.

Alinaswa na kiraka. Rafiki yangu wa Igombe aliwahi kuziba mpasuko karibu na pembe ya chini ya tanga lake kwa uzi wa kijani wa nyavu, kiraka cha pembe tatu, upande mmoja umepinda kwa sababu alishona akiwa majini. Baada ya "kuoza" kwake, mtu wa Musoma akatuma picha kwenye kundi akilalamika kwamba tanga lake jipya halivuti. Tukaikuza picha. Uzi wa kijani umefumuliwa wote, lakini vitundu vimebaki, pembe tatu na ule upande uliopinda. Kitambaa cha poliyesta cha matanga hakizibi tundu la sindano. Hapo hapo, juu kidogo, kuna tarakimu zilizobanduliwa. Palipokuwa na namba pamebaki peupe, pembeni pamepigwa na jua.

Kwa hiyo ukiletewa tanga la "jipya", litandaze chini mchana kweupe kabla ya kutoa hela. Angalia kando ya kila mshono kama kuna mstari wa pili wa vitundu visivyo na uzi. Likunje karibu na sikio: jipya linalia kwa sababu bado lina gundi yake ya kiwandani, lililochoka ni laini kama shuka. Nusa pia. Tanga jipya halinuki dawa ya kufulia.

Sasa, kupunguza au kununua? Usimwachie anayeuza jipya akuamulie kuhusu la zamani. Mara nyingi linaloanza kufa ni uzi, si kitambaa. Huku tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua linakula uzi bila huruma. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika lakini kitambaa bado kigumu, tanga hilo linafaa kushonwa upya na kupunguzwa, na mimi ningelipunguza. Kitambaa kikichanika kwa kuvutwa na vidole viwili, hapo fundi anakushonea tambara, nunua jingine.

Na si kila fundi wa maturubai ya malori ataliweza, hata kama mashine yake ina zigizaga. Ukikata ukingo wa nyuma peke yake, tumbo la tanga linajikuta nyuma mno. Upepo wa mchana ukitoka ziwani, boti inalala ubavu badala ya kwenda. Pembe ya demani, ile inayofungwa kamba ya kuvutia tanga, ikihama, na kapi la demani lazima lihame. Kama una rola ya kukunjia tanga la mbele, mkanda wa ukingo wa mbele uingie kwenye mfereji wake, la sivyo hata tanga zuri halipandi. Fundi asiyeuliza haya hajui anachopima. Huyu wetu hakuwahi kuuliza, alipima kitambaa tu, waya wa mbele unaoshikilia mlingoti hakuugusa!

Ukimpa fundi tanga, piga picha pembe zote tatu na kila kiraka, andika jina lako ndani ya ukingo kwa kalamu isiyofutika, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hata likichanika unarudishiwa vipande. Meseji za "tuma ya ushuru" zipeleke 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli wa simu.

Tunamtafuta pia mwenye tanga lililoletwa kwa rafiki yangu: lina mkanda wa bluu uliofifia ukingo wa nyuma, na tundu dogo la kuungua kwa sigara kwenye pembe ya juu. Kama ni lako, njoo inbox na picha yoyote ya zamani, tuiongeze kwenye faili.