Walt Disney World na watoto: kubeba chakula au kununua ndani?

Walt Disney World, eneo la bustani za burudani kule Florida, Marekani, inaruhusu wageni kuingia na chakula chao na vinywaji visivyo na kilevi. Kwa familia kubwa, ruhusa hii ni nafuu ya kweli. Chupa za kioo hazipiti, ila vichupa vya chakula cha watoto wachanga. Barafu ya vipande nayo hairuhusiwi. Na boksi la baridi lisizidi takriban sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga: beba kinacholika bila kupashwa moto. Shida ni mabega. Mzigo wa asubuhi huwa mzito maradufu ifikapo saa sita, hasa ukiwa pia umebeba mtoto.

Ukinunua kwenye kaunta, unatembea mwepesi na kuagiza mapema kwa simu. Tena unakaa penye kiyoyozi, na joto la Julai pale si la kudharau! Watoto wa miaka 3 hadi 9 wana menyu yao ya bei ndogo. Soda ndizo hula pesa kimyakimya, ilhali kaunta zinazouza vinywaji vya mashine hutoa kikombe cha maji ya barafu bure. Omba tu.

Mimi ningebeba kifungua kinywa na vitafunwa, ninunue mlo mmoja wa moto kabla foleni ya mchana haijajaa. Universal Orlando, bustani za burudani za kampuni nyingine huko huko Florida, ni wakali zaidi kuhusu chakula cha kubeba, kwa hiyo huko panga bajeti ya kununua.