Ndege ya pangaboi kwa patroni wa Lubumbashi: mimi nazipanga hivi

Patroni anayekuja kuangalia ndege hukalia kiti cha ngozi, hupapasa meza ya mbao, kisha huuliza, "Inakunywa mafuta kiasi gani?" Mbele, kwenye chumba cha marubani, haendi. Mimi ni rubani, nimekaa huko mbele miaka mingi kati ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, Kolwezi na Kalemie, na kabla hujatia sahihi nina ombi moja tu: nenda ukakae kwenye kiti cha komanda, yaani rubani mkuu, saa sita mchana, mwezi wa kumi, injini zikiwa zimezimwa. Robo saa inatosha. Siku mvua itakapofunika Kolwezi, atakayeamua kutua au kurudi ni mtu aliyeshinda amekaa hapo tangu alfajiri.

Mbona pangaboi na si jeti? Jeti ndogo nyingi hutaka lami ndefu na safi, na si kila mgodi una lami. Ndege ya pistoni nayo mara nyingi hudai avgas, mafuta ambayo huku hupatikana kwa taabu. Injini ya tabaini inayozungusha pangaboi hunywa Jet A-1, ileile ya ndege kubwa, na hukubali njia fupi ya udongo.

Kisha kuna jambo la hewa, na hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Luano iko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari, Kolwezi mita 1,526. Joto la Luano likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,200 na zaidi. Bawa halibebi vizuri, pangaboi halivuti vizuri, na injini yenyewe hutweta. Lakini karatasi ya kiwandani huandikwa kwa usawa wa bahari na nyuzi 15. Mwambie muuzaji akufanyie hesabu ya Kolwezi, nyuzi 32, watu wanane na mizigo yao. Akianza kukuonyesha rangi ya mazulia, aga uondoke.

Ya kwanza: Pilatus PC-12

Ni ya Waswisi, iliruka mara ya kwanza mwaka 1991, ina injini moja. Kwangu inaongoza kwa sababu inafanya kazi zetu zote bila kulalamika. Toleo la NG lina injini ambayo kwa asili yake inaweza kutoa nguvu za farasi zaidi ya 1,700, ila imefungiwa kwenye 1,200. Ile ziada ndiyo inayokuokoa Kolwezi kwenye joto: wenzake wanaishiwa pumzi, yenyewe bado ina akiba. Nyuma ina mlango wa mizigo wa mita 1.35 kwa 1.32, masanduku ya sampuli za mawe huingia bila kung'olewa kiti zaidi ya kimoja au viwili. Hunywa takriban lita 230 kwa saa.

Chumba cha marubani ndicho kilichoniteka moyo. Unaingia ukitembea, hupandi juu ya kitu. Mabega hayagusani na ya mwenzako, maana kabini ina upana wa mita 1.52. Kipoza hewa kinaendeshwa kwa umeme, hivyo ukichomeka jenereta ya uwanjani unaweza kumsubiri patroni aliyechelewa mkutanoni bila kuloa shati. Kwenye toleo jipya la NGX, lililotoka mwaka 2019, pangaboi linaweza kuzungushwa polepole zaidi wakati wa safari, na masikio yanashukuru.

"Injini moja?" mama wa nyumbani atauliza, na ana haki ya kuuliza. Ikiwa futi 26,000 juu na injini ikazima, PC-12 inaweza kuteleza karibu kilomita 100 kabla ya kugusa ardhi, na hugusa kwa mwendo mdogo. Madaktari warukao wa Australia huitumia miaka mingi kwenye njia za vumbi. Lakini sitakudanganya: chini yako kukiwa na misitu ya miombo au mabwawa ya Upemba, tena usiku, ile kilomita mia haina uwanja ndani yake. Kwa hiyo mimi na PC-12 tunaruka mchana.

Ya pili: King Air

Ukiwa na safari za usiku, au unavuka Ziwa Tanganyika mara kwa mara, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Injini mbili ni injini mbili. King Air 350 huenda kama kilomita 560 kwa saa, huifikia Kinshasa, kilomita 1,550 hivi, kwa muda usiofika saa tatu. Gharama yake ni mafuta, karibu lita 380 kwa saa, na kila kitu cha injini unakilipia mara mbili. Ukitaka kukodisha viti kwa kampuni za kigeni, uliza kwanza sharti lao la idadi ya injini. Jibu lao linaweza kukumalizia mjadala wote.

Mbele, sasa. Mimi ni mrefu, na King Air hunikumbusha hilo kila asubuhi. Unajipenyeza katikati ya viti juu ya meza ya vishikio, mguu mmoja kwanza, ukiomba suruali isipasuke. Baada ya sahani mbili za bukari, ugali wetu, sikushauri ujaribu. Kiti hakirudi nyuma sana kwa sababu ya ukuta ulio mgongoni. Mapangaboi yako karibu na masikio. Na kikandamizi cha kipoza hewa huendeshwa na injini ya kulia, basi injini ikizimwa mmekaa kwenye tanuri la mkaa. Toleo la 360, lililotangazwa mwaka 2020, lina mfumo unaodhibiti nguvu za injini wenyewe, na huo humpunguzia komanda kazi kwelikweli. Kiti ni kilekile.

Za zamani aina ya B200 ziko nyingi sokoni, na bei zake huvutia. Niliwahi kutumwa kukagua moja. Ngozi mpya, rangi mpya, hata harufu mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda: vitabu vya kumbukumbu vilianzia katikati ya maisha ya ndege, na makanika alipoingiza kamera ndogo kwenye injini ya kushoto tukaona mapezi ya tabaini yameungua ncha. Muuzaji alisema ni masizi. Kwenye King Air yoyote, dai pia rekodi ya ukaguzi wa bolti zinazoshika mabawa.

Ya tatu: Cessna Grand Caravan EX

Punda wa kazi. Farasi 867, magurudumu yasiyokunjwa, bawa juu ya kichwa linalokupa kivuli, na komanda ana mlango wake mwenyewe. Kwa njia fupi ya changarawe sioni ya kuishinda kwa bei yake. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 240 angani: Caravan hutumia dakika 45 hivi, PC-12 labda 30 na kitu. Je, unalipa mamilioni ya dola kwa dakika hizo kumi na tano?

Ila kabini yake haitunzi mgandamizo wa hewa, basi huwezi kupanda juu sana. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ya mvua hukuzidi kimo, hivyo unazunguka chini yake huku ukitikiswa, na wageni wako hushuka wakiwa kijani. Ipeleke Kinshasa nawe uko hewani zaidi ya saa nne na nusu. Vumbi jekundu ni adui mwingine; hakikisha marubani wanafungua kitenganishi cha vumbi kila wanapokuwa ardhini.

Ya mwisho kwangu: TBM

Ya Wafaransa wa Tarbes, kilomita 610 kwa saa, nzuri kutazama. Nimeiweka chini si kwa ubaya. Kabini ina upana wa mita 1.21, na ni ndege ya mtu anayejiendesha mwenyewe na mke na mkoba. Kama wewe patroni ndiye rubani, sahau mpangilio wangu, inunue.

Yoyote utakayochagua, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema juu ya usajili wa 9S, alama ya ndege za Kongo, jenga kivuli uwanjani kabla ndege haijafika, na fungua akaunti ya pili benki. Kila saa ambayo injini inazunguka, weka humo fedha ya ukarabati mkubwa. Kwa PC-12 NGX siku hiyo huja kwenye saa 5,000. Kwa King Air 350 huja kwenye saa 3,600, na makanika atakuletea ankara mbili.