Rangi za Kutia Diski za Gofu Nyumbani: Anayeanza Anunue Ipi?

Mtu anayetaka kutia rangi nyumbani diski zake za gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski za plastiki hadi kwenye kikapu, hukabiliwa na swali la ununuzi kabla ya swali la usanii, kwa sababu rangi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nguo na kazi za mikono haziingii katika plastiki ya diski. Hutuama juu yake, hukauka, kisha huondoka kwa maji na sabuni. Mwongozo huu unazipanga rangi hizo kuanzia ile inayomfaa zaidi mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii hadi zile ambazo ni afadhali aziache dukani. Kipimo nilichotumia ni kama rangi itaingia na kubaki, bila kumlazimu mnunuzi kuwa na vifaa vya maabara.

Diski kwanza, rangi baadaye

Pesa nyingi hupotea hapa. Plastiki za diski ziko katika makundi mawili makubwa. Kundi la bei nafuu, ambamo zimo (jina la plastiki kwanza, kisha la kampuni) DX ya Innova, Pro-D ya Discraft, Retro ya Latitude 64 na Prime ya Dynamic Discs, hunywa rangi kwa shida, na matokeo yake huwa hafifu na yenye mabaka. Kundi la bei ya juu, ambalo kwa sehemu kubwa ni la plastiki za jamii ya poliurethani, hunywa rangi vizuri: Champion na Star za Innova, Z na ESP za Discraft, Opto na Gold za Latitude 64, Lucid na Fuzion za Dynamic Discs. Hakuna rangi, hata iwe ghali kiasi gani, inayoweza kuiokoa diski ya kundi la kwanza, kwa hiyo mwenye fedha kidogo ni heri anunue diski moja nzuri kuliko tatu za bei nafuu.

Chagua diski nyeupe. Rangi zinazotumika katika kazi hii hupitisha mwanga na hazifuniki kilicho chini yake. Buluu juu ya diski ya njano itatoa kijani, na nyekundu juu ya diski ya buluu itaelekea zambarau iliyofifia. Wala hakuna rangi nyeupe ya kutia, kwa hiyo sehemu yoyote inayotakiwa kuwa nyeupe katika picha ni sharti iwe ni diski yenyewe iliyokingwa isiguswe na rangi. Nyeupe isiyopitisha mwanga, kama ya Star au ESP, hutoa mistari iliyokatika vizuri, ilhali plastiki inayopitisha mwanga, kama ya Champion au Opto, huzifanya rangi zing'ae diski inapoinuliwa kuelekea jua, ingawa michoro yenye mistari myembamba hupoteza ukali wake kidogo. Kwa diski ya kujifunzia, tafuta zile za daraja la pili kutoka kiwandani, ambazo Innova huziandika F2. Mara nyingi kasoro yake ni ya sura tu, na sura ndiyo unayokusudia kuibadilisha.

Diski nyingi huwa na chapa ya karatasi ya kung'aa iliyobanwa juu kwa joto. Chapa hiyo huzuia rangi, na huondolewa kwa pamba iliyoloweshwa asetoni. Ukisugua kwa mizunguko midogo, ile karatasi hulainika, huvunjika kuwa chembe za fedha au dhahabu zinazonata kwenye pamba, kisha hutoka yote. Geuza pamba upande safi kila mara, la sivyo utakuwa unazisambaza chembe hizo badala ya kuziondoa. Hata baada ya hapo, ukiinamisha diski chini ya taa, huenda ukaona kivuli cha chapa kilichobaki kama mfinyo mdogo katika plastiki. Kivuli hicho hakitoki kwa kusugua zaidi, na wakati mwingine hujitokeza tena chini ya rangi. Anayechukizwa na jambo hilo anunue diski zinazouzwa bila chapa.

Kwa nini rangi ya poliesta

Rangi zote zitakazopewa nafasi za juu hapa ni za aina moja kikemia. Ni zile zilizobuniwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya vitambaa vya asetati, ambavyo vilikuwa vikikataa rangi za pamba, na leo hutumika zaidi kwenye poliesta. Chembe zake haziyeyuki vizuri katika maji, bali hutawanyika ndani yake, na zinapokutana na plastiki huyahama maji na kuingia ndani ya plastiki, hasa ikiwa joto limeilegeza au kiyeyusho kama asetoni kimezifungulia njia. Kwa kuwa rangi inakaa ndani na si juu, haichubuki diski inapogonga mti au kuburuzwa kwenye changarawe, na haiongezi unene.

Suala la unene lina uzito kwa mchezaji wa mashindano. Kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu kimataifa, zinakataza kuipaka diski kitu chenye unene unaoweza kutambulika. Rangi iliyoingia ndani ya plastiki haina unene huo, lakini rangi ya kupaka ya akriliki inao.

Nafasi ya kwanza: iDye Poly ya Jacquard

Huu ni unga unaouzwa katika pakiti za gramu 14, na kwa anayeanza sioni wa kuupita. Ni mkali, hauchagui njia ya kutumia, na hufanya kazi katika maji ya moto, katika gundi na katika povu vilevile (njia hizi tatu zimeelezwa chini). Pakiti moja hutosha diski nyingi ikiwa utatumia njia ya gundi, kwa sababu kinachohitajika kwa kila diski ni vitone tu. Rangi nyeusi ya aina hii inasifika kwa haki: hutoa nyeusi kweli, wakati nyeusi za aina nyingine huweza kuishia kuwa kijivu au zambarau iliyokolea.

Ndani ya pakiti kuna vitu viwili. Kimoja ni unga wenyewe, ukiwa katika kifuko kinachoyeyuka majini. Kingine ni kimiminika cha kukoleza rangi kwenye kitambaa, chenye harufu kali, ambacho si lazima kwa diski. Anayetumia gundi atapasua kile kifuko na kuchukua unga kidogo, auchanganye na asetoni mpaka ulainike, kisha aongeze maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo. Fanya hivyo polepole na ukiwa umevaa barakoa, kwa kuwa unga huu ni mwepesi, huruka kwa pumzi tu, na punje moja iliyotua mezani haionekani mpaka ikutane na kitambaa chenye unyevu.

Tahadhari ya dukani: kampuni hiyohiyo huuza iDye isiyo na neno Poly, nayo ni ya pamba na nyuzi nyingine za asili. Pakiti zinafanana. Ile isiyo na Poly haitaitia rangi diski yako hata ukiichemsha mchana kutwa.

Nafasi ya pili: Rit DyeMore

Hii huja ikiwa tayari ni ya maji, katika chupa, na faida yake ni usafi: hakuna unga wa kuruka wala kupima. Kwa anayetaka kuchovya diski katika maji ya moto huku sehemu nyingine zikiwa zimefunikwa kwa stensili ya stika, yaani karatasi ya kunata iliyokatwa kwa umbo la mchoro, DyeMore inaweza hata kuipita iDye Poly kwa wepesi wa matumizi. Nimeiweka ya pili kwa sababu katika njia za baridi, yaani gundi na povu, wingi wa maji yaliyomo huifanya iwe hafifu, na mara nyingi itahitaji asetoni na muda zaidi ili ikolee. Anayejua kwamba atachovya tu, aipandishe hadi nafasi ya kwanza bila wasiwasi.

Hapa pia majina hupotosha. Rit ya matumizi ya jumla ni ya nyuzi za asili na nailoni. Inayofaa diski ni ile iliyoandikwa DyeMore na kuelezwa kuwa ni ya nyuzi za sintetiki.

Nafasi ya tatu: unga wa rangi ya poliesta wa kampuni ya PRO Chemical & Dye

Mafundi waliobobea wengi wangeuweka huu juu, nami sibishani nao. Wigo wa rangi zake ni mpana kuliko wa hizo mbili, unga wake umekolea sana, na anayependa kuchanganya rangi atapata matokeo yanayotabirika. Hata hivyo, unataka mizani ndogo, maelezo ya kuandikwa kila unapochanganya, na uvumilivu ambao anayeanza bado hajui kama anao. Uache kwanza, uurudie utakapoona rangi za iDye Poly hazikutoshi.

Seti zilizoandaliwa tayari

Seti zenye rangi kadhaa katika chupa ndogo, glovu na maelekezo hufaa kwa zawadi. Kama muuzaji hasemi wazi kwamba rangi iliyomo ni ya poliesta, usinunue. Kama anasema, linganisha bei ya seti na bei ya pakiti mbili za iDye Poly, kwani aghalabu unalipia zaidi boksi kuliko rangi.

Za kuacha

Rangi za pamba haziingii. Akriliki na rangi za kupuliza huongeza unene na hupukutika. Kalamu za wino usiofutika hukubali juu ya plastiki nzuri na zinafaa kwa kuandika jina, ila mchoro mzima wa kalamu hufifia kwa jua na msuguano.

Cha kubebea rangi

Baada ya rangi, utahitaji kitu cha kuishikilia, na chaguo langu ni gundi nyeupe ya karatasi, ya PVA. Imimine katika trei au ndani ya diski kuukuu iliyopinduliwa, dondosha rangi juu yake, vuta mistari kwa kijiti, kisha laza diski yako kifudifudi juu ya mchoro huo. Ianze kugusa upande mmoja na uishushe taratibu, kwa sababu hewa ikinaswa katikati huacha duara jeupe lisilorekebishika. Iache kwa saa 24. Gundi huzuia rangi isitiririke, kwa hiyo ncha ya mstari hubaki pale ulipoiweka.

Povu la kunyolea ni rahisi zaidi na hutoa sura ya mawingu ambayo watu wengi huipenda, lakini hujaa vipovu na hunywea likikaa, kwa hiyo usilitarajie likupe mistari safi. Nunua la povu, si la jeli.

Kuchovya katika maji ya moto ndiyo njia ya haraka kuliko zote, kwani rangi huweza kukolea kwa dakika chache. Hapo kipimajoto si cha hiari. Weka maji kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Yakizidi sana, diski huanza kupinda, na diski iliyopinda hairuki tena kama ilivyokusudiwa. Isiguse kitako cha sufuria, ambako joto ni kali kuliko linalosomwa juu.

Vifaa vya kutosahau

Sufuria, vijiko na trei vya kazi hii visirudi tena kwenye chakula. Asetoni hushika moto upesi sana, hivyo ifanyie kazi penye hewa, mbali na jiko na kiberiti, na kamwe usiipashe moto. Chombo cha kuchanganyia kiwe cha glasi au plastiki ngumu inayoihimili; kikombe cheupe cha povu kitayeyuka mkononi mwako. Glovu za nitrili huzuia rangi vizuri lakini asetoni huzila haraka, kwa hiyo nunua boksi zima na ubadilishe kila zinapolowa.

Maji ya rangi yanayobaki baada ya kuchovya, ikiwa hayakutiwa asetoni, hayana haja ya kumwagwa. Yaweke katika chupa ya glasi yenye kifuniko, andika juu yake jina la rangi na kwamba si kinywaji, yafiche mahali ambapo watoto hawafiki, nayo yatapashwa tena kwa diski inayofuata.